Ndugu Katika Orodha za Treni: Utangulizi wa Somo la Watoto wa Kiyahudi Waliosafirishwa kwa Nguvu

Orodha nyingi za watu waliopakiwa kwenye treni za kutoka Ufaransa kwenda kambi ya mauaji ya Auschwitz zilipigwa chapa kwa kufuata alfabeti. Jina la ukoo linatangulia, halafu jina la mtu mwenyewe, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipozaliwa, na mara kwa mara uraia wake. Kwa sababu ya alfabeti, watoto wa baba mmoja na mama mmoja walibaki wamefuatana kwenye karatasi, huyu chini ya yule. Aliyekuwa akichapa hakuwa na nia ya kuutunza undugu wao. Alitaka hesabu itimie kabla treni haijaondoka. Hata hivyo, anayezipitia karatasi hizo leo huona jina moja la ukoo likijirudia mistari mitatu, minne, mitano. Akihamia safu ya mahali pa kuzaliwa, anaisoma safari ya familia nzima: mkubwa kazaliwa Warsaw au Łódź, wadogo wamezaliwa Paris. Wazazi walitoka Polandi kabla ya vita kutafuta riziki, wakashona nguo na kofia katika vyumba vidogo vya Paris, na watoto wakazaliwa huku na huku. Mdogo aliyezaliwa Paris aliweza kuandikishwa kuwa Mfaransa huku kaka yake akihesabiwa mgeni, na wote wawili walikuwa wakilala kitanda kimoja.

Utangulizi huu nimeuandika kwa msomaji wa Kiswahili anayetaka kuingia katika somo hili na hajui aanzie wapi. Vitabu vyake viko kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiebrania na Kiingereza, na vingi vinamchukulia msomaji kuwa anajua nusu ya habari tayari. Sitaieleza Holokosti yote. Ninayo hoja moja ninayoitetea: ukitaka kuelewa yaliyowapata watoto wa Kiyahudi, fuata kundi la ndugu. Mtoto mmoja peke yake anatupa majonzi bila kutuonyesha mitambo iliyomsaga. Jumla ya watoto wote inatupa tarakimu ambayo akili haiwezi kuishika. Ndugu watatu wakifuatwa tangu mlangoni kwao hadi mwisho wa reli, kila kanuni ya watesi inajitokeza, kwa kuwa kanuni hizo zilipita katikati ya watoto wa nyumba moja: huyu kavuka umri, yule hajavuka; huyu raia, yule si raia; huyu pacha, yule si pacha.

Tarakimu zenyewe lazima zitajwe, na tuzitaje upesi. Chini ya utawala wa Wanazi na washirika wao, Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa Ulaya, na kati yao watoto wanaokadiriwa kufikia milioni 1.5. Mwanahistoria Deborah Dwork, ambaye kitabu chake cha mwaka 1991, Children with a Star, kiliwafungulia njia wengi waliomfuata, alikadiria kwamba katika kila watoto 100 wa Kiyahudi waliokuwa hai Ulaya mwaka 1939, ni kama 11 tu walioiona amani. Tukumbuke pia kwamba wengi hawakupandishwa treni kamwe. Huko Ukraine, Belarus na Lithuania familia zilipigwa risasi kwenye mashimo na mabonde yasiyo mbali na nyumba zao, na mara nyingi hakuna orodha ya majina iliyobaki. Mtafiti wa maeneo hayo hufanya kazi ngumu kuliko yangu, na mbinu nyingi nitakazozitaja hapa hazimfai.

Nimeichagua Ufaransa iwe uwanja wetu mkuu kwa sababu karatasi zake zimebaki. Kati ya Machi 1942 na Agosti 1944 Wayahudi karibu 76,000 walisafirishwa kwa nguvu kutoka nchi hiyo, wengi wao kupitia kambi ya Drancy, pembezoni mwa Paris. Zaidi ya 11,000 walikuwa watoto na vijana wasiofikia miaka 18. Katika hao wote 76,000, waliorudi ni kama 2,500.

Mtu aliyezipa karatasi hizo maisha ni Serge Klarsfeld, mwanasheria na mwanahistoria. Mwaka 1978 alichapisha kumbukumbu ya Wayahudi waliosafirishwa kutoka Ufaransa, treni kwa treni, jina kwa jina, akiyanakili kutoka nakala za kaboni kwenye karatasi nyembamba ambazo mahali pengi wino wake ulikuwa umefifia. Baadaye, katika miaka ya 1990, akatoa kitabu kikubwa cha watoto peke yao, chenye picha zaidi ya 2,000 zilizokusanywa kutoka kwa jamaa waliobaki. Ukikifungua kitabu hicho utaona kwamba picha nyingi ni za ndugu. Wapiga picha wa studio za wakati ule waliwapanga watoto kwa urefu, mkubwa nyuma, mdogo mbele kakalishwa kwenye stuli, nguo zimefanana kwa kuwa zilishonwa kwa kitambaa kimoja. Klarsfeld mwenyewe alikuwa mtoto wa namna hiyo. Usiku mmoja wa Septemba 1943 mjini Nice, yeye, dada yake na mama yao walijibanza nyuma ya ukuta wa uongo ambao baba yao alikuwa ameutengeneza ndani ya kabati. Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walipoingia, baba alijitoa mwenyewe ili wasiendelee kupekua. Aliishia Auschwitz. Serge alikuwa na miaka 8. Wako wanaoona kwamba historia iliyoandikwa na mtu mwenye jeraha haiaminiki. Orodha zake zimepekuliwa na watafiti wa kila upande kwa zaidi ya miaka 40 na bado zimesimama.

Sasa twende Paris, tarehe 16 na 17 Julai 1942. Polisi wa Ufaransa, kwa mpango uliofanywa pamoja na Wajerumani, waliwakamata Wayahudi karibu 13,000, wageni au waliovuliwa uraia wa nchi zao, pamoja na watoto wao. Zaidi ya 4,000 walikuwa watoto. Familia zilizokuwa na watoto zilifungiwa katika uwanja wa mbio za baiskeli ulioitwa Vélodrome d'Hiver, watu wapatao 8,000, joto kali, maji haba, vyoo vichache vilivyoziba. Baada ya siku kadhaa walipelekwa kwenye kambi mbili za mkoa wa Loiret, kusini mwa Paris: Pithiviers na Beaune-la-Rolande.

Jambo ambalo mwanafunzi mgeni hulistaajabia ni kwamba Berlin ilikuwa bado haijawaomba watoto hao. Mpango wa mwanzo ulihusu watu wazima na vijana wa kuanzia miaka 16. Pierre Laval, mkuu wa serikali ya Vichy, yaani serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, ndiye aliyependekeza mapema mwezi huo kwamba familia za ukanda ambao Wajerumani walikuwa hawajaukalia zichukuliwe pamoja na watoto wa chini ya miaka 16. Kuhusu watoto wa ukanda uliokaliwa, alisema suala lao halimhusu. Theodor Dannecker, mwakilishi mjini Paris wa Adolf Eichmann, afisa wa SS aliyesimamia usafirishaji wa Wayahudi, akapeleka simu ya maandishi Berlin tarehe 6 Julai kuuliza wafanyeje. Polisi walikwisha kuwakamata watoto kabla jibu halijakamilika. Eichmann alikubali tarehe 20 Julai, lakini treni za watoto zilisubiri hadi katikati ya Agosti.

Katika pengo hilo la majuma machache ndipo ndugu walipotenganishwa. Treni za kutoka Loiret zilikuwa na nafasi zilizopaswa kujazwa, na watoto wadogo walikuwa bado hawajapata kibali. Kwa hiyo, mwishoni mwa Julai na siku za mwanzo za Agosti, askari walizichambua familia kambini: mama na vijana wakubwa upande huu, wadogo upande ule. Tazama maana yake kwa watoto wanne wa nyumba moja. Baba huenda alikwisha kukamatwa mwaka uliotangulia, maana wanaume wageni walianza kufungwa katika kambi hizo hizo tangu Mei 1941. Mama anaondoka na kifungua mimba wa miaka 16. Wanaobaki wanaongozwa na msichana wa miaka 11 au 12, ambaye tangu asubuhi ile ndiye mama wa nyumba isiyokuwepo. Watoto wapatao 3,000 walibaki hivyo katika kambi mbili, wakitunzwa na wafanyakazi wachache wa misaada. Msomaji aliyekulia Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ambako kaya nyingi ziliongozwa na watoto wenyewe, hahitaji kuelezwa uzito wa kazi aliyoachiwa msichana yule.

Kuanzia katikati ya Agosti watoto hao waliletwa Drancy. Drancy yalikuwa majengo ya makazi yaliyojengwa kwa umbo la kiatu cha farasi na kuachwa bila kumalizika. Georges Wellers, mwanasayansi aliyefungwa humo na baadaye akatoa ushahidi katika kesi ya Eichmann mwaka 1961, ameeleza hali waliyokuja nayo: wachafu, wana vidonda, wamerundikwa zaidi ya mia katika chumba kimoja juu ya magodoro machakavu, ndoo zimewekwa kwenye kibaraza cha ngazi kwa kuwa wadogo walishindwa kushuka kwenda chooni. Wengi wa miaka miwili, mitatu, minne hawakujua majina yao ya ukoo. Wanawake waliojitolea kuwahudumia waliwauliza dada na kaka wakubwa, na pasipokuwepo waliwauliza watoto wengine. Mwenye dada wa miaka saba aliandikwa jina lake. Asiye na mtu aliingia orodhani kwa alama ya kuuliza. Walitengenezewa vibao vidogo vya mbao vyenye majina wakavivaa shingoni, na baada ya saa chache wavulana walionekana wamevaa majina ya wasichana, kwa maana walikuwa wamevichezea na kubadilishana. Walikuwa watoto, walicheza.

Hapa nasisitiza jambo la kitaalamu. Alama ya kuuliza katika orodha ya Agosti 1942 ni ushahidi wa aina mbili kwa pamoja. Inatuambia mtoto alikuwa mdogo. Inatuambia pia kwamba ndugu yake mkubwa alikwisha kutangulia kwa treni nyingine, au hakuwahi kuwa naye. Jina la mtoto mdogo lilitunzwa ndani ya kichwa cha mtoto mkubwa. Walipotenganishwa, jina nalo likapotea. Mtafiti anayelinganisha orodha za treni za mwanzo wa Agosti na zile za mwisho wa mwezi, akitafuta ukoo ule ule na mahali pale pale pa kuzaliwa, mara nyingine huweza kumrudishia mtoto huyo jina lake. Kazi hii inaendelea. Ukuta wa Majina uliozinduliwa mwaka 2005 kwenye Mémorial de la Shoah (kumbukumbu ya Holokosti) mjini Paris ulichongwa upya mwaka 2020 ili kuyaingiza masahihisho yaliyokusanywa katika miaka 15 hiyo.

Watoto wadogo waliochukuliwa katika msako ule wa Julai na kufikishwa Auschwitz hawakurudi, hata mmoja. Katika kambi ile umri uliamua tena. Waliofikia kiasi cha miaka 15 waliweza kupelekwa kazini. Wa chini ya hapo, na mama aliyewabeba, walipelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi. Dada mkubwa aliyemshika mdogo wake mkono aliweza kuhesabiwa mama. Ndiyo maana, katika simulizi za walionusurika, mada ya mkono ulioachwa inajirudia: mtu fulani alimnong'oneza msichana amkabidhi mdogo wake kwa bibi, na msichana akaishi miaka 60 akiukumbuka mkono ule. Tusizisome simulizi hizi haraka wala tusimpe msimulizi hukumu. Uamuzi haukuwa wake.

Wapo ndugu wadogo walionusurika hata katika kambi hiyo. Tatiana na Andra Bucci walizaliwa Fiume, mji ambao siku hizi unaitwa Rijeka na uko Kroatia. Walikuwa na miaka 6 na 4 walipokamatwa mwishoni mwa Machi 1944 pamoja na mama yao na binamu yao Sergio De Simone. Walifika Birkenau, sehemu ya kambi ya Auschwitz, mwanzoni mwa Aprili. Walifanana sana, na wao wenyewe wameeleza kuwa huenda walidhaniwa mapacha, kundi ambalo daktari Josef Mengele alilihifadhi kwa majaribio yake. Mama yao, aliyewekwa bweni jingine, alikuwa akinyemelea kuja kuwaona, na kila alipokuja aliwakumbusha majina yao kamili. Halafu siku moja hakuja tena. Msimamizi wa bweni la watoto aliwaonya dada hawa kwamba wataulizwa nani anataka kumwona mama yake, na kwamba wasitoke mbele. Wakamwonya binamu yao. Sergio alitoka. Alikuwa mmoja wa watoto 20, wavulana 10 na wasichana 10, waliopelekwa kambi ya Neuengamme kwa majaribio ya kifua kikuu na kuuawa usiku wa tarehe 20 Aprili 1945 katika jengo la shule ya Bullenhuser Damm, Hamburg. Dada wawili walikombolewa, wakapitia Prague, wakafika makao ya watoto huko Lingfield, Uingereza. Kiitaliano kilikwisha kuwatoka. Majina yalibaki, na kwa majina hayo wazazi wao, ambao wote wawili walikuwa hai, waliwapata mwaka 1946.

Nimetumia nafasi kwa kisa hiki kwa sababu kinapingana na mfano wa Drancy na kuuthibitisha kwa wakati mmoja. Jina lilitunzwa kwa kuwa walikuwa wawili.

Kuna ndugu waliotengana kwa tarehe ya kuzaliwa tu. Petr Ginz wa Prague alizaliwa 1928, dada yake Eva 1930. Baba yao alikuwa Myahudi, mama yao hakuwa, na watoto wa ndoa za namna hiyo waliitwa kwenda ghetto ya Terezín walipofikisha miaka 14. Petr aliitwa Oktoba 1942. Eva alifuata Mei 1944. Katika mabweni ya wavulana Petr alihariri Vedem, jarida la siri lililoandikwa kwa mkono na kusomwa kwa sauti kila Ijumaa jioni. Tarehe 28 Septemba 1944 aliwekwa kwenye treni ya Auschwitz. Eva aliandika katika shajara yake kwamba alipenya hadi kwenye behewa, akampa kaka yake vipande vya mkate dirishani, akamshika mkono, mpaka mlinzi alipomfukuza. Petr aliuawa akiwa na miaka 16. Eva aliishi, akahamia Israeli, akawa msanii. Mwaka 2003 mwanaanga Ilan Ramon alipaa na chombo Columbia akiwa na nakala ya mchoro wa Petr unaoonyesha dunia ikitazamwa kutoka mwezini. Chombo kilipoangamia, habari zikaenea, na mtu mmoja mjini Prague akagundua kwamba madaftari ya zamani aliyokuwa nayo nyumbani ni shajara ya kijana yule. Dada yake ndiye aliyeihariri na kuichapisha. Sehemu kubwa ya vyanzo vyetu imetufikia kwa njia hiyo hiyo, kwa mkono wa ndugu aliyebaki, na mtafiti hana budi kukumbuka kwamba ndugu ndiye aliyechagua kipi kihifadhiwe.

Kisa cha Izieu, kijiji cha mlimani mashariki ya Lyon, kinafundisha namna ya kusoma hati za adui. Sabine Zlatin na mumewe Miron walifungua hapo, mwaka 1943, makao ya watoto ambao wazazi wao walikuwa wamesafirishwa au wamejificha. Asubuhi ya tarehe 6 Aprili 1944, watoto wakiwa kwenye kifungua kinywa, malori ya Gestapo ya Lyon yaliingia uani. Jioni yake Klaus Barbie, mkuu wa Gestapo hao, alituma Paris simu ya maandishi: watoto 41 wa miaka 3 hadi 13, pamoja na watu wengine 10. Wanahistoria wanasema watoto 44 na watu wazima 7. Jumla ni ile ile, 51. Tofauti imo kwenye mpaka wa utoto, na ukiwatafuta watatu hao utawakuta kati ya vijana waliokwisha kuvuka miaka 13. Watoto 42 waliuawa Auschwitz. Vijana wawili na Miron Zlatin walipigwa risasi huko Estonia. Katika waliokamatwa wote, aliyerudi ni mwalimu mmoja, Léa Feldblum.

Makao yale yalijaa ndugu. Mina na Claudine Halaunbrenner walikuwa na miaka 8 na 5. Baba yao aliuawa na Gestapo wa Lyon mwaka 1943, kaka yao mkubwa akapelekwa Auschwitz asirudi, na mama akaamini mabinti wako salama mlimani. Mwaka 1972 mama huyo, Ita-Rosa, alipanda ndege pamoja na Beate Klarsfeld, mke wa Serge, hadi La Paz, Bolivia, ambako Barbie alikuwa akiishi kwa jina la bandia, na wanawake hao wawili wakajifunga minyororo kwenye benchi mbele ya ofisi yake. Barbie alifikishwa Ufaransa mwaka 1983 na kuhukumiwa kifungo cha maisha mjini Lyon tarehe 4 Julai 1987. Simu yake ya Izieu ilikuwa miongoni mwa vielelezo vizito vya kesi. Mimi huwashauri wanafunzi waanze na Izieu kwa kuwa kila mtoto ana jina, wengi wana picha, na nyumba yenyewe ni makumbusho tangu 1994.

Waliofichwa wana somo lao. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Agosti 1942, katika kambi ya Vénissieux karibu na Lyon, wafanyakazi wa misaada waliwaomba wazazi watie sahihi ya kuachia haki zao juu ya watoto, na kwa njia hiyo watoto 108 wakatolewa kabla ya mapambazuko. Baadaye, wale waliowaficha watoto mara nyingi waliwatawanya ndugu kwa makusudi: wawili wenye sura moja katika shule moja ya masista ni hatari. Ubelgiji, kamati ya siri ya kuwatetea Wayahudi ilitunza madaftari mbalimbali, moja likiwa na majina halisi na namba, jingine majina ya bandia, jingine anwani, ili daftari moja likikamatwa lisimfikishe mtu kwa mtoto. Yalipowekwa pamoja baada ya vita, ndugu wakaweza kurudishwa kwa ndugu. Kurudishwa kwenyewe hakukuwa sherehe kila mara. Mdogo aliyeachwa na miaka miwili hakumfahamu yule mgeni wa miaka kumi anayedai ni kaka yake, tena anazungumza lugha nyingine. Rebecca Clifford, katika kitabu chake Survivors cha 2020, ameyachunguza maisha ya baadaye ya watoto hawa bila kuyapamba, nami ninakipendekeza kuliko vingi.

Kuna andiko moja la zamani ambalo lisikupite. Mwaka 1951 Anna Freud na Sophie Dann walichapisha taarifa kuhusu watoto sita yatima, wote wa kama miaka mitatu, walioletwa Uingereza kutoka Terezín na kulelewa katika nyumba moja huko Sussex. Hawakuwa ndugu wa damu. Lakini hawakukubali kutenganishwa hata kwa saa moja. Aliyepewa kitu kizuri alitaka kwanza kujua kama wenzake wamepewa. Waliwauma watu wazima na kuwatemea mate, lakini wao kwa wao hawakuoneana wivu. Kwa hiyo tunaposema ndugu katika somo hili, tusiishie kwenye safu ya jina la ukoo.

Kuhusu vyanzo nitasema machache. Kanzidata ya majina ya Yad Vashem mjini Jerusalem ina majina karibu milioni 5 na inatafutika bure kwenye intaneti. Fomu zake nyingi za ushuhuda zilijazwa na ndugu, kwa hiyo angalia daima nani katia sahihi. Hifadhi ya nyaraka ya Arolsen, Ujerumani, iliyofunguliwa kwa watafiti mwaka 2007, ina barua za watu waliotafuta jamaa zao baada ya vita. Shoah Foundation ilirekodi simulizi zaidi ya 50,000. Simulizi ya ndugu wawili waliohojiwa mbalimbali isilainishwe ikawa moja. Wakipishana kuhusu siku au mahali, iandike tofauti yao. Mara nyingi umri wao siku ile ndio unaoieleza.

Nimalizie na njia inayofika hadi kwetu. Kisiwa cha Rhodes, ambacho wakati huo kilikuwa chini ya Italia, kilikuwa na Wayahudi wa muda mrefu waliozungumza Kihispania cha mababu zao. Kabla ya vita vijana wengi walihamia Kongo ya Kibelgiji kufanya biashara, hasa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Walijifunza Kiswahili dukani. Moïse Katumbi, aliyewahi kuwa gavana wa Katanga, ni mtoto wa mmoja wa watu wa Rhodes waliokimbilia huko. Waliobaki kisiwani, wazee, wanawake, wadogo zao, walikamatwa na Wajerumani Julai 1944, zaidi ya watu 1,600, wakasafirishwa kwa mashua hadi bara la Ugiriki, kisha kwa treni, wakafika Auschwitz tarehe 16 Agosti. Walionusurika ni kama 150. Sami Modiano alikuwa ametimiza miaka 14. Alikuwa na baba yake na dada yake Lucia, ambaye kwa muda alimwona kwa mbali kupitia uzio wa nyaya, kanyolewa nywele. Baba na dada walikufa humo. Sami alipotoka, akaenda Kongo kama wengine wa kisiwa chake, akaishi huko miaka mingi kabla ya kurudi Italia na kuandika kitabu.

Kwa hiyo katika nyumba za Lubumbashi kulikuwa na kaka waliopokea, mwaka 1945, habari za ndugu zao wote kwa mkupuo mmoja. Sinagogi lao la mwaka 1930 bado limesimama, na wazao wao wametawanyika kuanzia Katanga hadi Brussels na Cape Town. Barua zilizotoka Rhodes kwenda Kongo kabla ya Julai 1944 ni za thamani kubwa kwa somo hili. Mwanafunzi anayejua Kiswahili cha Katanga na Kifaransa anaweza kubisha hodi katika nyumba hizo na kuuliza kama zipo kwenye sanduku fulani. Afanye hivyo mapema, kwa maana wanaoutambua mwandiko uliomo wamebaki wachache.